Debian iko na Katiba, tena inaiheshimu



Kila mara tunapodai uchaguzi wa wazi na viongozi wanaotoa hesabu, kuna wakubwa wanaotucheka. Wanatuambiaka: "Nyinyi bado watoto. Watu wengi hawawezi kujiongoza bila mkubwa mmoja wa kuwashika mkono." Leo tunawajibu kwa mfano ambao hautoki kwenye siasa. Unatoka ndani ya mashini, zile ordinatere tulizoandikia kazi zetu za mwisho wa masomo, na ambazo sasa tunaandikia barua za kuomba kazi.

Debian ni mfumo wa kuendesha ordinatere. Kazi yake ni ileile ya Windows: kuamsha mashini, kufungua programu, kupanga mafaili. Tofauti ni kwamba Debian haiko mali ya kampuni. Inajengwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, na karibu elfu moja kati yao wako na haki ya kupiga kura. Kila mutu anaruhusiwa kuichukua, kuisoma ndani, kuibadilisha na kuwagawia wengine, bila kulipa hata franga moja na bila kuomba ruhusa. Toleo la mwaka 2023 lilitoka na vifurushi vya programu zaidi ya 64,000.

Nani alianzisha? Vijana kama sisi. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 21, alitoa Linux, ile sehemu ya ndani inayofanya programu na vyuma vya mashini visikilizane. Linux ilikutana na kazi ya GNU, programu huru ambazo Richard Stallman alianzisha Marekani tangu 1983. Agosti 1993, Ian Murdock, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Purdue, Marekani, akiwa na miaka 20, akatangaza kwamba anataka kukusanya vipande hivyo pamoja na wengine, na kazi ifanyike mbele ya macho ya wote. Jina Debian alilitunga kutokana na jina la mpenzi wake, Debra, na lake mwenyewe, Ian.

Mwaka 1996 Murdock aliachia kiti. Debian haikufa. Alipofariki mwaka 2015, kazi ilikuwa inaendelea katika mikono ya watu ambao wengi hawakumuona hata siku moja.

Kura ambayo kila mutu anaweza kuihakikisha

Mwaka 1997 watu wa Debian waliandika mkataba wao na jamii. Mwaka 1998 wakapitisha Katiba. Tuiangalie vizuri, juu inatuhusu.

Kiongozi anachaguliwa kwa mwaka mmoja. Akitaka kuendelea, anarudi kuomba kura upya. Mpiga kura haweki alama kwa jina moja tu: anapanga wagombea kwa mfuatano, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha hesabu inawalinganisha wawili wawili. Kwenye karatasi kuna nafasi moja ya ziada: "Hakuna kati ya hawa." Hiyo ikishinda, uchaguzi unarudiliwa. Kura ni ya siri, lakini kila aliyepiga anapata alama yake ya siri, na orodha ya kura zote inatangazwa, ili kila mutu aangalie mwenyewe kama kura yake ilihesabiwa ginsi aliitupa. Sisi tunaojua maana ya kukesha kwenye mlango wa biro ya kura, tukingoja karatasi ya matokeo ibandikwe, tunaelewa uzito wa jambo hili.

Na kubadilisha Katiba? Wanaokubali lazima wafike mara tatu ya wanaokataa. Memba kwa kura yao wanaweza kufuta uamuzi wa kiongozi, hata kumuondoa. Tena kiongozi hawezi kumlazimisha mutu kazi: memba asiyetaka kazi aliyopewa hana lazima ya kuifanya, ilimradi asizuie wengine. Kiongozi anabaki na chombo kimoja tu, kusadikisha watu.

Hatusemi ni paradiso. Wanagombanaka sana. Mwaka 2014 waligombana kuhusu sehemu inayoamsha mfumo, mpaka wengine wakatoka na kuanzisha mfumo wao, Devuan. Lakini walitoka na programu zote mikononi, juu kila mutu iko na haki ya kuzichukua. Kiongozi anayejua kwamba watu wake wanaweza kuondoka na nyumba nzima, anajifunza kuwasikiliza.

Kosa linatangazwa, halifichwi

Ndani ya ule mkataba wa 1997 kuna ahadi moja tunayoipenda kuliko zote: hawataficha matatizo. Orodha ya hitilafu za Debian iko wazi kwa kila mutu, wakati wote.

Ahadi hiyo ilipimwa. Mwaka 2006, fundi wa Debian mwenyewe aliondoa mistari fulani ndani ya OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri za mashini. Tangu hapo funguo zilizotengenezwa kwenye Debian, na kwenye mifumo iliyojengwa juu yake, zilikuwa rahisi kukisiwa na mwizi. Karibu miaka miwili hakuna aliyeona. Luciano Bello, memba wa Debian, njo aligundua. Mei 2008 Debian ikatangaza kosa lake hadharani, ikasema wazi kwamba limetoka kwake, ikatoa chombo cha kutambua funguo mbovu na kuwaambia watu watengeneze zingine. Haya ilikuwa kubwa. Lakini watu waliweza kujilinda, na Debian iko mpaka leo.

Kuna hadithi nyingine, na hii kila kikundi cha raia kiisikilize. Programu ndogo inaitwa xz, kazi yake ni kubana mafaili. Inatumika karibu kila mahali penye Linux. Kwa miaka mingi ilibebwa na mutu mmoja, bila mshahara, akiwa amechoka. Akaja mutu wa jina "Jia Tan". Kwa zaidi ya miaka miwili alisaidia kwa upole, huku majina mengine yasiyojulikana yakimsukuma yule mwenye programu aachie wengine nafasi. Akaaminiwa. Mapema mwaka 2024 akapitisha mlango wa siri ndani ya programu. Fundi mmoja, Andres Freund, aliona kwamba kuingia kwenye mashini yake ya Debian kunachelewa karibu nusu ya sekunde. Akachimba mpaka akakuta. Tarehe 29 Machi 2024 akaamsha dunia nzima. Toleo la majaribio la Debian lilikuwa limeshaguswa. Toleo thabiti, lile watu wengi wanatumia, bado.

Freund aliweza kuukuta mlango ule juu programu ilikuwa wazi kuchunguzwa. Lakini mlango ulipita kwanza juu kazi ya wote iliachiwa mutu mmoja, na kila mutu akafikiri mwingine anaangalia. Wanaotaka kuingilia kikundi hawaji na rungu kila wakati. Wengine wanakuja na msaada, wakati tumechoka.

Na sisi tuko wapi ndani ya hii?

Sisi tuko watumiaji, basi. Mashini nyingi za mitaa yetu zinatembea na Windows ya kukopia, iliyofunguliwa na faili ambalo hakuna anayejua nani alilitengeneza. Virusi vinatoka kwa flashi moja kwenda nyingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na mashini nyingi za okazioni tunazonunua hazina nguvu ya kubeba Windows 11. Watatuambia tununue mpya. Nchi yetu inatoa sehemu kubwa kuliko zote ya kobalti inayoingia kwenye betri za dunia, na sisi tunangoja mabaki ya ordinatere za wengine, kisha tunaziona taka mapema.

Debian inaweza kuongeza maisha ya mashini nyingi kati ya hizo. Tena iko na watoto na wajukuu. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini, alijenga Ubuntu juu yake, na Linux Mint ikajengwa juu ya Ubuntu. Jina ubuntu halihitaji kutafsiriwa kwetu: ni utu, Waluba wanasema bumuntu. Lakini tujue tofauti: nyuma ya Ubuntu kuna kampuni, Canonical, yenye neno la mwisho. Nyuma ya Debian kuna kura.

Tunasikia swali lenu, juu njo letu pia: tutakula nini? Tuko na diploma, tuko kwenye shomaje, na sasa tunaambiwa tufanye kazi ya bure? Tuseme ukweli: sehemu kubwa ya kazi hii hailipwi, na hakuna anayeweza kuwaahidi mshahara. Kuna milango michache inayolipa, kama Google Summer of Code na Outreachy, ambamo Debian imekuwa ikishiriki, na wanaogombania ni wengi. Lakini kazi unayoifanya pale inabaki na jina lako, kila mutu anaweza kuisoma, na hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Katika nchi ambapo dosie yetu inalala kwenye meza mpaka mkubwa apige simu, hiyo si kitu kidogo.

Tumezoeshwa kwamba "mradi" maana yake ni gari, banderoli, perdiem, siku tatu hotelini, kisha kimya. Hii haitaki mfadhili. Inataka mashini moja, umeme ukirudi, na mega kidogo.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi, katika kila muji, kifanye mambo matatu.

Kwanza, mutafute mashini moja ya zamani. Muweke Debian kwenye flashi na kuamsha mashini kutoka pale, bila kugusa kilicho ndani. Mujaribu kuandika, kuchapisha, kuangalia picha. Kama inafaa, mukopie kwanza mafaili yote pembeni, njo musimike. Mujue pia kwamba programu zingine za Windows hazitatembea, na printa zingine zitasumbua.

Pili, mutu mmoja tu apakue, kisha mupitishe kwa flashi. Mega ni bei kali, na kukopia Debian hakuko wizi, ni haki.

Tatu, mukikuta hitilafu, muiandike na kuipeleka kwenye orodha yao. Kwa Kifaransa mnaweza kupata msaada. Na wenye kujua Kiswahili vizuri, kazi ya tafsiri inawangoja. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika wa Swideni walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Sisi Wakongomani tunaosema Kiswahili tuko mamilioni, na sehemu yetu bado haionekani.

Mwisho wa mwezi ujao, kila kikundi kituletee hesabu mbele ya wote: mashini ngapi zimesimikwa, ngapi zimeshindwa, juu ya nini, na nani amechukua kazi gani. Zilizoshindwa muziandike pia. Na kazi yoyote isibaki kwa mutu mmoja tu.