Seva ya Ripoti Haipimwi kwa Vichwa

Kampuni inapojiandaa kununua seva ya ripoti za biashara, swali la kwanza mezani huwa ni hili: watumiaji ni wangapi? Idara ya fedha inataja idadi ya wafanyakazi wenye akaunti, mtaalamu wa TEHAMA anakadiria prosesa na memori kwa idadi hiyo, kisha anazidisha mara mbili kwa usalama, na zabuni inatangazwa. Utaratibu huu umezoeleka kiasi kwamba anayeuhoji huonekana mkaidi. Mimi nauhoji, kwa sababu namba unayoanzia haisemi lolote la uhakika juu ya mzigo ambao seva itaubeba.

Naelewa kwa nini umeshika mizizi. Idadi ya watu hupatikana bila jasho. Wauzaji wengi wa programu hupanga bei kwa kuifuata, na ni nadra mtu kulaumiwa kwa kununua mashine iliyozidi mahitaji. Lakini akaunti iliyolala haitumii prosesa wala memori. Seva huchoshwa na ripoti inayoendeshwa saa hii, kwa kadiri ya data inayoisoma na muda inaouchukua hadi ikamilike.

Jambo hili lilijulikana kabla kompyuta hazijakuwapo. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 utafiti wake kuhusu mazungumzo ya simu, na mwaka 1917 akatoa kanuni za kukadiria ni laini ngapi zinatosha. Hakuuliza tu ni nyumba ngapi zina simu. Alitaka kujua simu ngapi hupigwa katika kipindi fulani na kila moja hudumu kwa muda gani. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni iliyo pana zaidi: wastani wa kazi zilizomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kazi kuingia, mara muda ambao kila kazi inakaa humo.

Tuijaribu kanuni hiyo. Tuchukulie kampuni yenye watumiaji 600, ambao katika saa yenye pilikapilika nyingi huomba ripoti 240, yaani nne kwa dakika. Kila ripoti ikichukua nusu dakika, zinazoendeshwa kwa pamoja ni mbili kwa wastani. Ikichukua dakika tano, zinakuwa 20. Kama kila ripoti inahitaji megabaiti 500 za memori, mahitaji yameruka kutoka gigabaiti moja hadi 10, na hakuna hata mfanyakazi mmoja aliyeajiriwa. Kilichobadilika ni muda wa ripoti, na muda huo haumo katika fomu ya zabuni.

Hapo bado tunazungumzia wastani, na wastani wa siku nzima hupotosha. Ripoti huombwa kwa mafungu. Kenya, kodi ya mishahara hulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na ritani za kodi ya ongezeko la thamani, Kenya hata Tanzania, huwasilishwa kufikia tarehe 20. Siku za kuelekea tarehe hizo wahasibu huvuta ripoti zilezile kwa wakati mmoja. Saa hiyo ndiyo ya kukadiria, kwa kuwa foleni haikui kwa mstari ulionyooka. Katika mfano wa msingi wa hisabati ya foleni, wenye mhudumu mmoja na maombi yanayofika bila mpangilio, ripoti huchukua mara mbili ya muda wake wa kawaida seva ikitumika kwa asilimia 50. Ikifika asilimia 80 ni mara tano, na kwa asilimia 90 ni mara 10. Kwa hiyo nafasi ya ziada inahitajika kweli. Ninachokataa ni nafasi iliyokisiwa kutoka kwenye orodha ya majina.

Wapo watakaosema kwamba vifaa ni nafuu kuliko muda wa mtaalamu: nunua mashine kubwa, au ongeza uwezo kwenye wingu, mambo yaishe. Hoja hiyo ina uzito ripoti zinapokuwa zimeandikwa vizuri na mzigo ni mkubwa kwa haki. Mara nyingi sivyo. Ripoti inayotafuta mauzo ya tawi moja kwenye jedwali lisilo na faharasa hulazimika kupitia mamilioni ya mistari. Ikiwa hatua zake hufuatana moja baada ya nyingine, viini 32 vya prosesa havitaimaliza haraka kuliko vinne. Mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl alieleza ukomo huo mwaka 1967. Isitoshe, viini hivyo vina gharama inayofuata nyuma. Tangu toleo la 2012, Microsoft huuza leseni za SQL Server, programu yake ya hifadhidata, kwa hesabu ya viini, hivyo anayeongeza viini huenda akaongeza pia ada ya leseni.

Hata ukubwa wa data huogopwa kuliko unavyostahili. Biashara inayoandika miamala 1,000,000 kwa mwezi, kila mstari ukiwa na baiti 200, hukusanya takriban gigabaiti 12 kwa miaka mitano. Ukiongeza faharasa na kuzidisha mara mbili, bado data yote inaenea ndani ya memori ya seva ya kawaida yenye gigabaiti 64.

Tufanye nini basi? Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la seva mara nyingi lipo tayari, ila halisomwi. SQL Server Reporting Services, kwa mfano, huandika muda wa kila ripoti katika sehemu tatu: kuchota data, kuichakata, na kuipanga katika umbo la mwisho. Muda mwingi ukienda kwenye kuchota, tatizo liko kwenye hifadhidata, na seva mpya ya ripoti haitaliondoa. Ukienda kwenye kupanga, huenda mtu anatoa faili la PDF la kurasa elfu kadhaa ambalo hakuna atakayelisoma. Ripoti moja ikihitajika na mameneja wote wa matawi, iendeshwe mara moja usiku na nakala ziwafikie asubuhi. Zilizobaki zipimwe katika juma la kufunga hesabu, zijaribiwe kwa mzigo wa saa ile nzito, kisha ndipo mashine ichaguliwe. Kama mfumo ni mpya na haujawa na daftari, wahasibu waorodheshe ripoti zao na tarehe wanazozihitaji. Zile nzito kati ya hizo zijaribiwe kwa data halisi.

Kazi hiyo si kubwa ikilinganishwa na fedha zinazookolewa. Zaidi ya fedha, inamlinda mhasibu asikae mbele ya skrini iliyoganda siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani. Kwa hiyo meneja anayetakiwa kuidhinisha ununuzi wa seva ya ripoti aombe kwanza karatasi moja: ripoti gani huendeshwa saa ya msongamano, ni ngapi, na kila moja huchukua muda gani. Karatasi hiyo ikikosekana, asitie saini.