Bustani ya Kopo Isizae Ugonjwa

Familia nyingi za Kariakoo na Gerezani hazina shamba, lakini zina roshani au kibaraza. Kwa maoni yetu hapo panatosha kwa kotimiri, nanaa na mchaichai. Kotimiri ya kachumbari huliwa mbichi. Ikiwa imemwagiliwa maji machafu yaweza kuleta kipindupindu au homa ya matumbo. Ya nyumbani tunajua imenyweshwa maji gani.

Tumieni kopo au ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, isiyowahi kuwekwa rangi wala dawa ya wadudu. Mwagilieni asubuhi. Kotimiri ikatwe mabua ya nje, moyo uachwe. Nanaa ikatwe juu kidogo ya kifundo cha majani, nayo itachipua matawi mawili. Msivune zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Osheni kwa maji yaliyochemshwa.

Jambo moja tunasisitiza. Mwaka 2014, na tena 2019, homa ya dengi ililisumbua jiji letu. Mbu wake huuma mchana na hutaga kwenye maji yaliyotuama, hata ya kisahani kilicho chini ya kopo. Kila wiki mwageni maji hayo na kukisugua kisahani, kwani mayai hunata. Anayeshindwa kazi hiyo, heri asiweke kisahani kabisa.