Msaidizi wa mgonjwa mwenye ulemavu si mgeni wodini

SAA za kuona wagonjwa zikiisha, ndugu hutakiwa kutoka wodini. Utaratibu huo una sababu zake: nafasi ni finyu, wauguzi wana kazi ya kufanya na maambukizi hayana budi kuzuiwa. Hata hivyo, unapofuatwa bila kupima, humweka kundi moja mtu aliyekuja kutoa pole na mtu ambaye bila yeye mgonjwa hawezi kugeuka kitandani, kujua kwamba jina lake limeitwa wala kufika msalani.

Wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, suala hili lina uzito wa pekee. Mtu mwenye ulemavu anayeishi kijijini hutafuta tiba Hospitali ya Wilaya mjini Kilosa, au Hospitali ya Mtakatifu Kizito iliyopo Mikumi, katika barabara kuu iendayo Iringa. Ugonjwa ukizidi, rufaa ni ya Morogoro mjini, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mikumi. Aliyepooza hawezi kusafiri peke yake. Nauli huwa ya watu wawili, chakula cha watu wawili, na akilazwa, msaidizi hutafuta pa kujihifadhi usiku.

Sheria haiko kimya. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 9 ya mkataba huo inazungumzia msaada wa watu katika majengo ya umma, wakiwamo waongozaji na wakalimani wa lugha ya alama. Ibara ya 25 inataka tiba itolewe kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Wala hawa si watu wachache: Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na zaidi wana ulemavu.

Hata hivyo, mkataba haulindi lango la wodi. Pasipo maelekezo ya maandishi, msaidizi hubaki au hutolewa kwa hisani ya aliye zamu, na hisani ya leo haimfungi wa zamu ya kesho.

Uko pia upande wa pili. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa mtu mzima mwenye ulemavu, msemo huo una hatari yake, kwani mara nyingi haulizwi chochote. Daktari humgeukia msaidizi na kuuliza, "Anaumwa nini?" ilhali mwenye maumivu yuko mbele yake, ana akili timamu na kauli yake.

Fikiria mama kiziwi ambaye mkalimani wake pekee ni mwanawe wa kiume. Atawezaje kueleza maradhi ya uzazi, au kupokea majibu ya kipimo cha Virusi vya Ukimwi, kwa mikono ya mtoto aliyemzaa? Siri ya mgonjwa haipungui thamani kwa sababu mgonjwa hasikii.

Wenzetu wameanza kuliwekea jambo hili kanuni. Huko England, tangu Aprili 2024, hospitali zinatakiwa kuwaruhusu waliolazwa kutembelewa, na wanaokuja kutibiwa bila kulazwa kuandamana na mtu wao, isipokuwa pawepo sababu nzito.

Kwa Kilosa na Mikumi, hatua ya kwanza haihitaji jengo jipya. Mapokezi yaandike kwenye faili kwamba mgonjwa ana msaidizi aliyemchagua mwenyewe, na kwa kazi gani. Katika wodi ya wanaume, ambako mke hawezi kulala, muuguzi wa zamu akubaliane naye mapema nani atamgeuza mgonjwa usiku. Daktari naye aanze kwa kuzungumza na mgonjwa, kisha ampe nafasi ya faragha.

Msaidizi ni mkono, jicho au sikio la mgonjwa. Uamuzi ubaki kwa mgonjwa mwenyewe.