Droni ipite juu ya kichwa cha nani?

Safari hii hatuandiki juu ya minerval wala juu ya mabenchi yenye kuvunjika. Tunaandika juu ya ile droni.

Wote munajua ni droni gani. Siku ya arusi, mwezi uliopita, mu kiwanja cha kanisa, kijana wa video aliirusha juu ya watu. Mara ya kwanza ilipita vizuri, wamama wakapiga vigelegele. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu ikagusa tawi la ekaliptusi, ikageuka, ikaanguka katikati ya watoto wenye walikuwa wameketi chini. Zile elise zake zilikuwa zingali zinazunguka. Dada yetu mmoja wa darasa la saba alinyoosha mkono kujikinga uso, na mkono njo ulikatwa. Ku dispensere walimushona nyuzi tano.

Nani alilipa? Mama yake alilipa, yeye mwenye kuuza mboga. Mwenye droni alisema: "Ni ajali, tufanye nini?" Hatumuchukii, ni yaya wa mwenzetu mmoja, na yeye pia alilia juu ya mashine yake yenye alikuwa hajamaliza kulipa deni. Lakini pikipiki ikigonga mtu tunatafuta plaki, tunauliza permi na asiransi. Ile droni haikuwa na plaki, mwenyewe hakuwa na karatasi hata moja, na hakuna mtu aliyemuuliza mbele ya kurusha. Hata sisi hatukuuliza. Tulikuwa tunaangalia juu na kucheka.

Sasa tumesikia kwamba komite ya siku ya proklamasio inataka kukodi droni, ipige picha za wanafunzi wote na wazazi wakiwa wamejaa kiwanjani. Juu ya hiyo tuko na neno.

Mbele ya yote, musituite maadui wa droni. Wengi wetu wa sehemu ya ufundi tunaitamani kazi hiyo. Hapa Katanga mtu anaona kwa macho. Zamani, kupima mulima wa mawe ya shaba, fundi alipanda na vyombo vyake, akashinda pale juani. Sasa droni inapita juu, inapiga picha nyingi zenye kupandana, na ordinatere inahesabu ni meta kibiki ngapi. Mashamba yanapimwa vilevile, na nyaya za umeme zinaangaliwa bila mtu kupanda nguzo. Ni kazi yenye kulisha nyumba. Na kwa sababu tunaitaka, hatupendi iharibiwe na wenye haraka.

Wenzetu wanasema: "Ni Leta tu inatafuta makuta. Ile iko kamera yenye kuruka, lisansi ya nini?" Jibu letu ni kwamba mbele ya sheria ile si kamera. Ni ndege. Na neno hilo halikuanza jana. Mapatano ya Chicago, yenye mataifa yaliandika tarehe 7 Desemba 1944, yanasema katika kifungu cha 8 kwamba ndege yenye kuweza kuruka bila piloti ndani yake haitapita juu ya inchi bila ruhusa ya pekee ya inchi ile. Congo ni memba wa mapatano hayo. Na sisi wenyewe tuko na sheria N° 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 juu ya ndege za kiraia, na ofisi yenye kuziangalia, ile wanaita AAC. Basi mwenye kutaka kula mkate wa droni anaanzia kule, haanzii sokoni kununua mashine. Hata tusiposema juu ya sheria, tuangalie wakati wetu. Ndugu zetu wa Mashariki wakisikia ule mulio juu wanakimbia kujificha, maana kwao droni ni silaha. Mtu mwenye kurusha yake bila karatasi, karibu na kambi ya askari ao na kiwanja cha ndege, asishangae akishikwa sawa mupelelezi.

Tuliangalia sheria za inchi zingine, tukaona kitu. Marekani iliandika kanuni zake za droni za kazi, zenye kuitwa Part 107, zikaanza tarehe 29 Agosti 2016. Piloti awe na miaka 16, na apite mtihani. Droni iandikishwe na kupewa namba, na uzito wake usifike kilo 25. Isipande kupita meta 120 hivi toka chini, na piloti aione kwa macho yake, si kwa ekrani tu. Karibu na viwanja vikubwa vya ndege aombe ruhusa kwanza. Ulaya nayo iliweka kanuni zake kazini tarehe 31 Desemba 2020, na meta ni zile zile 120, na kwa kazi za kawaida kupita juu ya mukutano wa watu ni mwiko. Kwa nini watu wenye bahari katikati yao wanaandika sawasawa? Kwa sababu wote walianza na ulizo moja: siku itaanguka, itaangukia nani? Angalieni vizuri, karibu kila kanuni inajibu hilo. Ile ya meta 120, kwa mufano, si kwa kutesa mutu: ndege zenye watu zinapita juu zaidi, nafasi inabakia katikati.

Mu darasa la fizika tulifanya hesabu. Droni ya kilo 1 ikizimika kwenye meta 50, tusipohesabu upinzani wa hewa, inafika chini na mwendo wa meta 31 kwa sekonde, ni kusema karibu kilometa 112 kwa saa. Enerji yake ni jule 490. Tofali ya kilo 5 ikiachiliwa toka meta 10 inaleta jule zile zile. Mwalimu alitukumbusha kwamba hewa inapunguza mwendo. Sawa. Lakini ni muzazi gani atakubali mtoto wake aketi chini ya mtu mwenye kushika tofali ku paa ya kanisa?

Na mutu asituambie kwamba zenye kuanguka ni za wale wasiojua kazi tu. Tarehe 5 Oktoba 2006, mwaka wa uchaguzi, droni ya jeshi la Ubelgiji, yenye ilikuja pamoja na askari wa Ulaya, ilianguka mjini Kinshasa. Raia mmoja akakufa, wengine wakaumia. Wale walikuwa mafundi wenye masomo marefu na vyombo vya bei kubwa. Yaya wa mwenzetu yeye alijifunza siku mbili, kwa video za telefone.

Tuseme pia juu ya Rwanda, kwani ni jirani. Toka Oktoba 2016 droni za Zipline zinaruka toka Muhanga kupeleka damu ku hospitali, na kisanduku kinashuka na parashiti ndogo. Zinaenda mbali sana kupita macho ya mutu, jambo lenye Part 107 inakataza bila ruhusa ya pekee. Waliwezaje? Hawakukimbia sheria. Serikali ilikaa nao mezani, njia zikajulikana, wenye kuongoza ndege wakajua nani yuko juu na saa gani, na mashine yenyewe iko na parashiti yake kwa siku ya matata. Mwaka 2018 wakaandika kanuni zenye kumuuliza kila mwenye kuomba: tuonyeshe hatari ya kazi yako, na tuonyeshe namna utaipunguza. Mama mwenye kuzaa akapata damu kwa sababu kulikuwa na karatasi.

Hapo njo tuko na neno kwa Leta pia, tusiogope kulisema. Karatasi ikiwa mbali, kijana hataitafuta. Mwana wa Kasenga ao wa Manono atasafiri wiki nzima juu ya mashine ya kilo moja? Tunataka mtihani ufanyike ku kila mji mkubwa wa provinsi, bei iandikwe ku mulango wa ofisi kusudi kila mtu aisome, na muandikaji asiombe kitu juu yake. Bila hivyo sheria itabakia ya makampuni ya madini yenye magari na mawakili, na vijana wetu watarusha kwa kujificha. Ni wale wenye kujificha ndio watapita juu ya vichwa vyetu.

Kuna jambo lingine, na dada zetu wa interna walituomba tuliandike bila kulizunguka. Wiki mbili mbele ya ile arusi, droni ilisimama juu ya uwanja wao wa kuogea, wenye ukuta bila paa. Ilikaa pale. Hawajui ni ya nani wala picha zilienda wapi. Wavulana fulani walicheka. Sisi hatukucheka. Mutu mwenye kupanda ukuta ule tungemupeleka kwa Prefe wa nizamu saa ile ile. Kwa nini mwenye kupanda na elise tumuache?

Basi, kwa komite ya proklamasio, ombi letu ni hili. Mwenye kukodiwa aonyeshe ruhusa yake kwa Baba Prefe mbele ya siku, si asubuhi ile. Aonyeshe na asiransi, ao aandike na kutia sahihi kwamba atalipa akiumiza mtu. Batri yenye kuvimba isiingie shuleni kabisa, zile zinawaka moto. Arushe toka kiwanja cha mupira, kikiwa tupu, na kamba ifungwe wanafunzi wasikaribie. Toka pale kamera inaona kiwanja chote kwa pembeni, na hakuna mzazi chini yake. Asipande mbele hajapima urefu wa ekaliptusi, kwani droni yenye kupoteza mawasiliano inapanda kwanza urefu wenye aliiandikia, kisha inarudi yenyewe, na mti haitaujali.

Akikataa hata moja, komite imurudishe kwake. Mwalimu wa biolojia angali na kamera yake, na ngazi ya fundi wa paa iko mu depo. Na tunaomba komite ianze kuchanga kwa ajili ya yule mama wa mboga, dispensere ingali inamudai.