Kubeba, Kubebewa, Kubebesha

Wanafunzi wenzangu wa Kiswahili wana sentensi moja wanayoipenda, nami naichukia: "Mwindaji alifunga mizigo yake, akabeba bunduki, akaingia porini." Imo katika insha zetu, imo katika tafsiri, imo midomoni mwetu tunaposimulia habari za wageni waliopita nchi hizi zamani. Karibu kila mara sentensi hiyo ni uongo, na uongo wenyewe umejificha ndani ya kitenzi. Lugha yetu inatenganisha kubeba, kubebewa na kubebesha kwa herufi chache tu. Mtu anayeisomea lugha hiyo chuo kikuu hana udhuru wa kuvichanganya vitenzi hivi.

Chukueni mwindaji mashuhuri kuliko wote waliowahi kupita Afrika Mashariki. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit. Kati yao wawili waliua wanyama zaidi ya 500. Watu hupenda kusimulia bunduki zake. Mimi nataka tusimulie mizigo. Wapagazi walizidi 200. Walibeba mahema, risasi, vyakula, mitego, na tani nzima nzima za chumvi, kwa sababu ngozi zilizokuwa zikipelekwa makumbusho ya Smithsonian zingeoza bila kutiwa chumvi. Juu ya hayo kulikuwa na vitabu. Bwana mkubwa alipenda kusoma kambini, basi vitabu kama 60 vikajalidiwa kwa ngozi ya nguruwe, vikatiwa katika sanduku jepesi, na uzito wake ukafanywa uwe mzigo wa mtu mmoja, yaani karibu kilo 27. Maana yake kuna mtu aliyevuka nyika akiwa na maktaba kichwani. Orodha ya vitabu hivyo imechapishwa na inasomwa hadi leo. Aliyevibeba sijamkuta katika insha hata moja ya darasani kwetu.

Nikisema haya, najibiwa kwamba kila mtu alikuwa na kazi yake: mwindaji alikuwa na shabaha, mpagazi alikuwa na nguvu. Hapo ndipo napandwa na hasira. Upagazi ni ujuzi. Kilo 27 za risasi si sawa na kilo 27 za hema. Sanduku la risasi ni dogo, uzito wote umekaa mahali pamoja, na kona zake zinachoma. Hema likikunjwa alfajiri likiwa na umande linazidi uzito wake wa jana. Tena ni refu, linayumba, linakwama kwenye matawi. Chumvi inavuta unyevu. Ukipanda mlima, mzigo uliofungwa vibaya unakuvuta nyuma, ukishuka, unakusukuma. Mwanamke yeyote wa Gatete anayesokota ngata ya majani makavu ya mgomba anajua kwamba ngata nyembamba inaumiza shingo, na ngata pana kupita kiasi inauacha mzigo ucheze. Nani alimfundisha profesa kitu cha namna hiyo?

Njia za misafara zilikuwa na taratibu zake kamili. Mzigo wa pagazi ulikadiriwa kuwa frasila mbili, karibu kilo 32. Kirangozi alitangulia mbele, mnyapara alisimamia watu, posho iligawiwa. Robota la nguo alilobeba mtu mmoja liliitwa mtumba. Leo tunavaa mitumba na kudai posho semina zinapokwisha, bila kumkumbuka aliyeyapitisha maneno hayo barabarani. Hata jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wabebaji wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambamo maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa maradhi.

Na huku ziwani kwetu? Mwaka 1876 Stanley alilizunguka Ziwa Tanganyika kwa mashua yake, Lady Alice. Mashua hiyo ilikuwa imetoka pwani ya Bahari ya Hindi ikiwa vipande vipande, ikibebwa na watu. Miaka mitano kabla, Novemba 1871, yeye na Livingstone walikuja kaskazini mwa ziwa kwa mtumbwi kutoka Ujiji. Jiwe la Mugere, ukitoka Bujumbura kuelekea Rumonge, limeandikwa majina yao mawili. Walipigiwa makasia. Jiwe halisemi.

Sitaki uwindaji urudi, nisieleweke vibaya. Sokwe waliobaki katika misitu ya hifadhi ya Rumonge wana maadui wa kutosha. Na yule mwindaji wa zamani wa vilima vyetu, aliyetoka na mkuki na mbwa wake, sina ugomvi naye: alibeba mwenyewe, kitenzi chake kiko sawa.

Ugomvi wangu ni wa leo. Gatete inaishi kwa michikichi. Mikungu inakatwa huko juu, inateremshwa na wanawake na vijana, kichwani, hadi kwenye mitambo ya kukamua. Kisha mawese yanatiwa katika mabidoni ya lita 20, kila moja karibu kilo 18, na safari ya kichwani inaanza upya hadi barabarani. Mfanyabiashara anasema: "Jana nimeshusha mabidoni kumi." Hakushusha hata moja; ameshushiwa. Lakini akishasema ameshusha yeye, kazi imekuwa yake, na kile anachompa mbebaji kinageuka hisani. Anatoa anachotaka. Anayetoka kilima cha mbali analipwa sawa na anayetoka nyuma ya nyumba, na mvua ikinyesha njia ikawa utelezi, bei haibadiliki.

Mpagazi wa mwaka 1909, pamoja na dhuluma zote za wakati ule, mzigo wake ulikuwa na kipimo. Msichana anayeshusha mikungu Gatete hapimiwi kitu, wala haulizwi ametoka wapi. Nadai alipwe kwa kilo na kwa umbali. Wala hakuna haja ya kungoja mradi utuletee mizani. Ipo pale pale kwenye biashara ya mawese, inapima mafuta.