Bulozi nayo ni historia

Wasomi wa Pweto, tunachekelea nini maji ya dawa ya Mai-Mai? Gilbert Gwassa, Mtanzania, hakucheka. Katika miaka ya 1960 aliuliza wazee juu ya maji ya Kinjikitile, yule Wajerumani walinyonga 1905. Mwaka 1973 doktora yake ikawa juu ya ile vita ya Maji Maji. Alionyesha kama dawa iliunganisha makabila mengi. Lakini miaka mingi ilikwisha kupita, mashahidi wengi walikwisha kufa. Siye je? Pweto ilianguka Desemba 2000. Gédéon, mukubwa wa Mai-Mai, alijitoa Mitwaba 2006. Vijana walimufuata kwa nini? Tunajibu tu: bulozi. Wamama wenye kukimbia Zambia wangali wazima, hatuwaulize. Ao tunangojea Mubelgiji?