Okidi Si Mwizi wa Mti

Majuma machache yaliyopita tuliona hapa Maji ya Chai mringaringa mmoja, kivuli cha kahawa, umekwanguliwa matawi kwa panga. Tulipomwuliza mzee mwenye shamba sababu, alijibu, "Nimeondoa virukia, vyanyonya mti wangu." Chini yake palikuwa pametupwa okidi, maua yake meupe yenye mikia mirefu yakinyauka juani.

Mzee yule twamheshimu, lakini neno lake si kweli, na wengi hulisema pamoja naye. Kosa limo katika jina. Twaita kirukia kila kiotacho juu ya mti, tukichanganya mimea isiyo na udugu. Kirukia halisi mbegu yake ina ulimbo. Ndege hula tunda, hupangusa mdomo juu ya tawi, na mbegu hushika pale, ikatoboa gome na kuingia ndani ya mti ikanywa maji yake. Huyo ni mnyonyaji kweli. Mwenye kumkata hatumlaumu. Bali okidi hukaa juu ya gome tu. Mizizi yake imevikwa ganda jeupe kama sifongo, linywalo mvua na ukungu ushukao Meru, na chakula hujifanyia yenyewe kwa majani yake na nuru ya jua. Asiyesadiki na abandue moja polepole: ataona gome lililo chini ni zima.

Wengine hutujibu, "Hata hivyo, yafaa nini?" Je, mgeni aketiye barazani asile chakula chako, humfukuza kwa panga? Katika katekisimo tulifundishwa amri ya nane, ya ushuhuda wa uongo. Hapa mshtakiwa hana hata kinywa cha kujitetea. Tena mbegu zake ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, haziwezi kuota pasipo msaada wa kuvu. Katika maelfu ya mbegu huota chache mno, nazo hukawia miaka kabla ya kuchanua.

Nao waing'oao msituni kuiuza hawana hata udhuru wa kutojua. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa Ngurdoto mwaka 1960, na Mlima Meru ukaongezwa 1967. Na mapatano ya mataifa juu ya biashara ya viumbe vya porini, ambayo Tanzania iliyakubali 1979, yahusu okidi zote.

Juu ya mringaringa ule limebaki tawi moja ambalo panga halikulifikia. Twamwomba mzee wetu aliache.